Pesa Imekatwa, Huduma Haijafika: Urahisi wa Simu na Jina la Kampuni

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mnaowahudumia wateja kila siku, iwe mnakaa kaunta, mnapokea simu au mnaandika programu ambazo wateja wanatembea nazo mfukoni:

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna huduma kwa wateja na urahisi wa simu za mkononi vinavyojenga au kubomoa jina la kampuni. Mada hii imezoeleka kugawanywa. Watu wa teknolojia huzungumzia programu, watu wa huduma huzungumzia lugha nzuri na subira, na watu wa masoko huzungumzia nembo na matangazo, kila mmoja katika kikao chake. Mteja hana habari na migawanyo ya idara zetu. Kwake yeye, programu iliyogoma, mhudumu aliyemkatia simu na tangazo lililomwahidi wepesi vyote ni kampuni ileile moja. Kwa hiyo nitavichukua kama jambo moja, na nitasema mapema ninakoelekea: kadiri simu inavyorahisisha mambo mepesi, ndivyo sifa ya kampuni inavyozidi kuegemea yale mambo machache magumu yanayobaki, nayo karibu yote yanahitaji mtu. Kampuni inayopunguza watu kwa sababu tu imepata programu inapunguza pale pale jina lake linapopimwa.

Jan Carlzon, aliyeongoza shirika la ndege la SAS la nchi za Skandinavia kuanzia mwaka 1981, aliwahi kupiga hesabu ambayo bado inafaa kurudiwa. Abiria milioni 10 kwa mwaka, alisema, hukutana kila mmoja na wafanyakazi wapatao watano wa shirika, na kila kukutana huchukua wastani wa sekunde 15. Kwa hesabu hiyo, shirika huundwa upya katika akili za watu mara milioni 50 kwa mwaka, sekunde 15 kwa kila mara. Ndege, majengo na ofisi kuu havimo kabisa katika hesabu hiyo, maana abiria hakumbuki injini. Anamkumbuka aliyempokea tiketi.

Leo nyingi kati ya zile sekunde 15 zimehamia kwenye kioo cha simu. Abiria anakata tiketi, anachagua kiti na kupata pasi ya kupandia ndege bila kusema neno na mtu yeyote, na ndivyo ilivyo pia kwa benki, bima, umeme na usafirishaji wa mizigo. Hayo ni maendeleo, wala sina hamu ya kurudi kwenye foleni. Lakini tuangalie kilichobaki mikononi mwa watu: begi lililopotea, safari iliyofutwa, jina lililoandikwa vibaya, pesa iliyokatwa bila huduma kufika. Zamani mhudumu aliyeshindwa kesi moja ngumu alikuwa amekwisha kusalimiana na mteja yuleyule mara kadhaa kwa mambo mepesi, na ile akiba ya wema ilisaidia kumsamehe. Programu haiweki akiba ya namna hiyo, kwa sababu hakuna anayekumbuka siku malipo yake yalipopita salama. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha kwa majaribio kwamba mtu akikumbuka jambo lililompata, hutilia uzito kilele chake na mwisho wake, huku muda lililodumu ukihesabika kidogo sana. Miamala mia mbili iliyopita kimya haiwezi kuwa kilele cha chochote. Ule mmoja uliokwama unaweza.

Tuutazame huo mmoja kwa karibu. Mteja amejaza kila kitu, amebonyeza kitufe cha kulipa, na kiduara kimeanza kuzunguka. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya kompyuta, alieleza katika mwaka huohuo wa 1993 mipaka mitatu ambayo haijabadilika, kwa kuwa inatokana na akili ya binadamu na si kasi ya mashine. Mfumo ukijibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona jambo limetokea papo hapo. Ukijibu ndani ya sekunde moja, anahisi kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Ukipita sekunde 10, akili yake huhamia kwingine. Kwenye malipo, hata hivyo, akili haihamii kwingine. Inaingiwa na hofu. Sekunde ya 11 mteja hajiulizi kama programu ni nzito, bali anajiuliza pesa yake iko wapi. Kisha mtandao unakatika, ujumbe wa benki unaingia kwamba amekatwa, na wakati huohuo skrini inamwandikia: «Imeshindikana. Jaribu tena.»

Ninaamini maneno hayo «Jaribu tena» yameharibu majina ya kampuni nyingi kuliko wahudumu wote wenye lugha chafu. Mteja akijaribu tena, huenda akakatwa mara ya pili. Asipojaribu, huenda huduma isifike kamwe. Kampuni imemkabidhi uamuzi ambao yenyewe, iliyo na kumbukumbu zote, imeshindwa kuufanya. Mafundi wanalijua suluhisho lake: kila ombi la malipo hupewa namba yake ya pekee kabla ya kutoka kwenye simu, ili hata likirudiwa mara tatu kwa sababu ya mtandao, mfumo ulitambue kuwa ni lilelile na kumkata mteja mara moja tu. Na pale jibu linapochelewa, sentensi ya kweli ingesomeka hivi: «Malipo yako bado hatujayathibitisha. Usilipe tena. Tutakujulisha ndani ya dakika 10, na hii ndiyo namba yako ya kumbukumbu.» Hakuna chochote cha ajabu hapo. David Maister, mtaalamu wa usimamizi wa biashara, alikwisha kuandika mwaka 1985, wakati hakuna aliyekuwa na programu mfukoni, kwamba kusubiri kusiko na kikomo kinachojulikana huonekana kurefu kuliko kusubiri ambako kikomo chake kinajulikana, na kusubiri kusikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kunakoelezwa. Lakini ukiuliza kwa nini sentensi kama hiyo haipo kwenye programu, mara nyingi utaambiwa kwamba bajeti ilikwenda kwenye mwonekano mpya wa ukurasa wa mwanzo.

Mteja wetu sasa anapiga simu, na hapo tunaingia kwenye hesabu ambazo naomba mnivumilie, kwa sababu ndizo kiini cha hotuba hii.

Tuseme zamani, kati ya kila simu kumi, saba zilikuwa za kuuliza salio au saa za kufungua, kila moja ikichukua dakika mbili, na tatu zilikuwa za migogoro, kila moja ikichukua dakika 15. Jumla ya kazi ilikuwa dakika 59. Programu inakuja na kuzimeza zile saba zote. Taarifa ya mwezi inaonyesha kwa fahari kwamba simu zimepungua kwa asilimia 70, na mtu wa fedha, ambaye simlaumu kwa kuwa ndivyo takwimu alivyoletewa, anapendekeza wahudumu nao wapungue kwa kiasi hichohicho. Lakini kazi yenyewe imeshuka kutoka dakika 59 hadi 45, yaani imepungua kwa chini ya robo. Wahudumu watatu waliobaki wanabebeshwa zaidi ya robo tatu ya kazi iliyokuwa ya watu kumi, na tena ile iliyo ngumu tupu. Zaidi ya hapo, wastani wa muda wa simu umepanda kutoka dakika zisizofika sita hadi 15, na kama kituo bado kinawapima wahudumu kwa ufupi wa simu zao, basi kila mmoja wao ataonekana mzembe kwa kufanya kazi ileile aliyobakishiwa.

Foleni nayo haikui kwa mstari ulionyooka. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 utafiti wa mwanzo kuhusu jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio, na hesabu za foleni zilizokua kutokana na kazi yake bado zinatumika kupanga vituo vya simu. Katika mfano wake ulio rahisi kabisa, wa mhudumu mmoja anayepokea simu za urefu usiotabirika, mhudumu akishughulika kwa asilimia 50 ya muda wake, mteja husubiri kwa wastani muda unaolingana na simu moja. Akishughulika kwa asilimia 80, kusubiri huwa muda wa simu nne. Kwa asilimia 90, simu tisa. Kwa asilimia 95, simu 19. Kituo chenye wahudumu wengi hupata nafuu, lakini hata huko kusubiri hupanda ghafla kadiri asilimia 100 inavyokaribia. Mhudumu asiyekuwa na dakika ya kupumua huonekana katika hesabu za kampuni kama ufanisi. Mteja anausikia ufanisi huo kama muziki usiokwisha, unaokatizwa kila baada ya muda na sauti iliyorekodiwa ikimhakikishia kwamba simu yake ni ya muhimu sana kwetu.

Mfano wa kampuni iliyopatwa na haya yote kwa mara moja ni benki ya TSB ya Uingereza. Mwezi Aprili 2018 benki hiyo ilihamisha taarifa za wateja wake kutoka kwenye mfumo wa kompyuta wa benki ya Lloyds, iliyokuwa imejitenga nayo, kwenda kwenye mfumo mpya. Taarifa zenyewe zilihama salama, lakini mfumo mpya ukaelemewa, na wateja wanaofikia milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao mtandaoni na kwenye simu. Mkuu wa benki, Paul Pester, alipotangaza mtandaoni kwamba huduma zimerudi, wateja wengi walikuwa bado hawawezi kuingia, na matapeli wakaitumia fursa ya vurugu hizo kuwaibia baadhi yao. Pester aliondoka mwezi Septemba mwaka huohuo; shughuli hazikurudi katika hali ya kawaida mpaka Desemba. Benki ililipa fidia ya pauni milioni 32.7 kwa wateja, na mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha kompyuta. Mimi naona funzo lake kubwa liko penginepo. Matatizo hayo yaligusa huduma ya mtandaoni, ya simu za mkononi, ya kupiga simu na hata matawi, kwa sababu milango yote minne ilifunguka kwenye nyumba moja. Mteja aliyekimbia kutoka kwenye programu kwenda kaunta alimkuta karani anayetazama mfumo uleule uliogoma. Tunapenda kusema kwamba programu ikishindwa, watu wapo. Ni vyema tujiulize watu hao wataona nini kwenye skrini zao saa hiyo. Na lile tangazo la mapema kwamba mambo ni shwari liliongeza jeraha, maana mteja mwenye simu mkononi anaweza kuhakikisha maneno ya mkuu wa kampuni kwa kugusa kioo mara moja.

Siku hizi kati ya mteja na mhudumu tumemweka wa tatu, nayo ni roboti ya mazungumzo. Siipingi. Swali la «nawezaje kubadilisha nywila» halihitaji binadamu saa nane za usiku. Ila kuna kesi ya Kanada ambayo kila meneja angefaa kuijua. Mwaka 2022 abiria mmoja aliyefiwa aliiuliza roboti kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa, ikamwambia anaweza kununua tiketi kwanza na kuomba punguzo baadaye. Utaratibu halisi haukuruhusu hivyo, na shirika likakataa kumrudishia. Shauri lilipofika mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, mojawapo ya hoja za shirika ilikuwa kwamba roboti ile ni chombo kinachojitegemea, chenye kuwajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza lilitupilia mbali hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe jumla ya dola za Kanada zipatazo 812, riba na gharama zikiwemo. Fedha hizo ni kidogo mno kwa shirika la ndege. Hoja ile, kwa upande wake, ilienea duniani kote, na nadhani hakuna tangazo lililowahi kulitambulisha shirika kwa watu wengi namna ile kwa siku chache. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya hutembea kwa kasi ya mtandao.

Urahisi una upande mwingine ambao hatupendi kuutaja mbele ya wateja: tunaurahisisha mlango wa kuingilia tu. Kujiunga ni mguso mmoja, kujitoa ni safari. Mwezi Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kwa madai kwamba iliwaingiza watu katika Prime, uanachama wake wa kulipia, bila ridhaa yao kamili na kuwawekea njia ngumu ya kujitoa. Kwa maelezo ya tume, ilikuwa njia ya kurasa nne, mibofyo sita na machaguo 15. Hii ni kampuni iliyopewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, ya ununuzi wa mbofyo mmoja mwaka 1999. Septemba 2025 ilikubali kumaliza shauri hilo kwa dola bilioni 2.5, ambazo bilioni 1.5 kati yake ni za kuwarudishia wateja. Ujerumani haikusubiri mashauri: tangu tarehe 1 Julai 2022 sheria inawataka wanaouza mikataba ya kuendelea kwa njia ya mtandao waweke kitufe cha kujitoa kinachoonekana wazi. Ningependa tusichukulie sheria kama hizo kuwa adui wa biashara. Mteja aliyeondoka bila kusumbuliwa hurudi akipungukiwa. Aliyezungushwa kurasa nne huondoka na hadithi ya kusimulia.

Nisiwasahau wale ambao urahisi wetu haujawafikia: mwenye simu ya zamani ambayo toleo jipya la programu haliikubali, asiyeona vizuri ambaye vitufe vyetu havisomeki na kisomaji cha sauti, mzee anayeogopa kubonyeza kitu asichokijua. Kwa hao, kufunga dirisha la kaunta kwa sababu «huduma zote zipo kwenye programu» ni kuwafukuza kwa lugha ya heshima.

Nije sasa kwenye vipimo. Mwaka 2003 Fred Reichheld, mshauri wa biashara wa Marekani, alipendekeza kampuni ziulize swali moja: kwa kipimo cha 0 hadi 10, ungetupendekeza kwa rafiki? Wanaojibu 9 au 10 huhesabiwa kuwa wapigadebe wa kampuni, wanaojibu 0 hadi 6 kuwa waponda, na tofauti ya asilimia zao ndiyo alama. Swali ni zuri. Tatizo ni saa tunayoliuliza. Programu nyingi huliweka mara tu baada ya muamala kupita, mteja akiwa na furaha au akiwa na haraka, na kituo cha simu huliweka baada ya kesi kufungwa. Yule ambaye malipo yake yalikwama hafiki kwenye ukurasa wenye swali, na yule ambaye kesi yake haijafungwa kwa wiki tatu hapelekewi ujumbe. Tunakusanya alama kutoka kwa waliofika salama, kisha tunashangaa kwa nini maoni kwenye duka la programu yamejaa nyota moja. Nyota hizo, pamoja na matusi yake, naziamini kuliko dashibodi, kwa sababu waliokwama hawana pengine pa kuandika.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mteja aliyekosewa kisha akatengenezewa vizuri huipenda kampuni kuliko ambaye hakukosewa kabisa. Dhana hiyo ilipewa jina katika maandishi ya kitaaluma mwaka 1992, na wakufunzi wa huduma wanaipenda sana. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2007, uliona kwamba kuridhika kwa mteja kunaweza kweli kupanda hivyo, lakini haukuona kupanda kwa nia ya kununua tena. Na mteja akikosewa mara ya pili, hata ule uzuri wa kwanza huyeyuka. Kwa hiyo kutengeneza vizuri ni wajibu wa kulinda kilichopo, na mtu asije akaufanya mkakati wa kukuza biashara.

Kutengeneza huko kunategemea zaidi mamlaka aliyonayo mhudumu kuliko sauti yake. Carlzon alilielewa hilo, ndiyo maana aliwaruhusu wafanyakazi wa mstari wa mbele kuamua bila kupanda ngazi za wakubwa. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja ili kumaliza tatizo, bila kuomba kibali. Sisi wengine huwafundisha wahudumu wetu namna kumi za kuomba radhi na kuwanyima namna hata moja ya kurudisha pesa. Mhudumu aliyewekwa katika hali hiyo atachoka, atakuwa mkavu, na mteja atasema kampuni ina wahudumu wenye dharau, ilhali dharau yenyewe ilipangwa kwenye kikao asichoalikwa.

Ndiyo sababu ombi langu kwenu ni dogo na linaweza kufanyiwa kazi. Kwenye ile skrini ambapo malipo hukwama, na si kwenye ukurasa wa sita wa msaada, wekeni kitufe cha kuzungumza na mtu. Kikibonyezwa, kipeleke kwa mhudumu namba ya muamala, saa na kosa lililotokea, ili mteja asianze kusimulia upya na kuulizwa tena maswali ya usalama ambayo programu ilikwisha kumuuliza. Mpeni mhudumu huyo kiwango cha fedha anachoweza kurudisha kwa uamuzi wake mwenyewe, kiandikwe, kijulikane, na ukaguzi ufanyike baadaye badala ya kabla. Kiwango chenyewe kiangaliwe kwa kulinganisha na muamala wa kawaida wa wateja wenu, kwa sababu kikiwa chini ya hapo kila kesi itarudi kwa msimamizi, na usiku wa mwisho wa wiki, wakati watu wengi wanalipa kwa simu, msimamizi hayupo kazini.

Nashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kupokea maswali.